Uzi wa Ujiji: mji wenyewe, waliokuja, na waliotokea humo

Wanabodi, habari za jioni.

Kila Ujiji, mji wetu wa mkoani Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, ikitajwa humu ndani, mjadala haufiki mbali. Mmoja ataandika Livingstone na Stanley, wale wazungu waliokutana huku 1871, chini ya mwembe, mwingine ataleta habari za waganga, na uzi unafia hapo. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kitongoni, na nimekaa na jambo hili kwa miaka. Leo naomba niliandike kwa urefu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Nianze na bibi yangu mzaa mama. Ukimuuliza kabila, anasema Mmanyema. Ukimbana, Mmanyema wa wapi, anasema Mbangubangu. Ukiendelea kumuuliza walifikaje huku kutoka ng'ambo ya ziwa, anasema: "Tulikuja na Waarabu." Halafu anainuka kwenda kugeuza samaki wake, migebuka, juu ya moto, na hapo maswali yamekwisha.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba katika maneno yale matatu, zito ni lile dogo la katikati. Wako waliokuja na Waarabu kama washirika wa biashara. Wako waliokuja wakibeba pembe za ndovu kwa ujira. Wako wanawake waliokuja kama wake, na wengine kama masuria. Na wako waliokuja na Waarabu wakiwa na mnyororo shingoni. Bibi hakusema wazee wake walikuwa katika kundi lipi. Kwa jinsi tulivyolelewa pale mtaani, kumuuliza mtu jambo hilo ilikuwa utovu wa adabu mkubwa kuliko kumtukana.

Mtu anayetaka kuielewa Ujiji aanzie hapo. Mwembe utafuata.

---

NAENDELEA, SEHEMU YA PILI

Kabla ya wageni wote, nchi ile ilikuwa Bujiji, mojawapo ya nchi za Waha. Mwami wake alikaa milimani, na mila ilimkataza kulitazama ziwa. Huku ufukoni mambo yaliendeshwa na wakuu wadogo wa ardhi, wateko. Fikirini maana yake: mtawala mkuu yuko juu, hashuki, na chini kuna soko, mitumbwi, mawese, samaki, na chumvi inayoletwa kutoka Uvinza. Mgeni mwenye bidhaa akifika anapatana na watu wa pwani ya ziwa, anatoa hongo, yaani ushuru wa wenye nchi, anajenga. Nafasi ya mgeni kuweka mguu ilikuwepo tangu mwanzo.

Wafanyabiashara wa Mrima, yaani pwani ya bara, na Waarabu walianza kufika kwenye miaka ya 1840 hivi. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipofika Februari 1858, Speke macho yakiwa yameharibika kiasi cha kutoliona vizuri ziwa alilolifuata kote huko, hawakukuta mji mkubwa. Walikuta vijiji, soko, na wafanyabiashara wachache wanaokuja na kuondoka kwa msimu. Sehemu mbili zilizotajwa sana na wageni wa karne ile ni Kawele na Ugoyi, na huko Ugoyi ndiko wageni walikojazana baadaye.

Miaka kumi na sita mbele, 1874, anafika Mwingereza Cameron, na anaeleza soko la Ujiji kwa namna ambayo kila nikiikumbuka naliona soko lenyewe. Fedha yao ilikuwa shanga ziitwazo sofi. Si zile za mviringo za kuvaa shingoni, hizi zilikuwa kama vipande vya shina la kiko lililovunjika. Asubuhi soko likifunguliwa, wanakuja watu na vifuko vyao vya sofi. Wewe umekuja na nguo yako kutaka samaki, na mwenye samaki hataki nguo, anataka sofi. Basi unampa mwenye kifuko nguo, anakupa sofi, unaingia sokoni. Jioni soko likifungwa, wale wenye vifuko wanapita tena kwa wauzaji, wanazikusanya sofi zao kwa kubadilishana na bidhaa. Kesho yake hivyo hivyo.

Sasa niambieni, hao hawakuwa watu wa maduka ya kubadilisha fedha? Mji hauwi na mfumo kama huo bila kukutanisha watu wa lugha nyingi wasiojuana na bado wakaaminiana kutwa nzima. Palikuwa na Waha, Wavinza, Warundi, Wabembe, Wagoma, Wabwari wa ile rasi ya Ubwari, Waholoholo, Wanyamwezi waliokuja na misafara, watu wa Mrima, na Waarabu wa Omani. Lugha iliyowabeba wote ilikuwa Kiswahili.

---

Kuna mkuu hapo juu ameandika: "Msisahau kuwataja kina Tippu Tip, mashujaa wetu."

Mkuu, nitawataja, ila neno shujaa naomba nisilitumie. Mwinyi Kheri alikuwa mtu wa Mrima. Alikaa Ujiji muda mrefu, akaoa kwa wenye nchi, akawa mkubwa wa mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sultani Barghash wa Zanzibar akamtambua kuwa liwali wake, yaani mwakilishi wake, na bendera ikapandishwa. Akafa 1885. Mimi kwa Mwinyi Kheri nina heshima fulani, maana alitawala kwa kuoana na kusikilizana na wenyeji kuliko kwa bunduki, ingawa biashara yake ilikuwa ile ile. Baada yake nguvu ikawa kwa Rumaliza, yaani Mohammed bin Khalfan el-Barwani, aliyekuja kutoka Lindi na kuifanya Ujiji kituo chake cha kuvukia ng'ambo. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ngome yake ilikuwa Kasongo, ila misafara yake ilipita kwetu.

Walikuwa watu hodari, wenye akili, na wengine wacha Mungu. Pia walikuwa wanauza watu. Sisi tuliozaliwa Ujiji ni wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa, mara nyingi katika nyumba moja, kwenye meza moja ya futari. Ukimwita Tippu Tip shujaa mbele yangu, nitamfikiria bibi.

Na hapa ndipo ile habari ya mwembe inapopata uzito ambao hausimuliwi shuleni. Livingstone alikuwa ng'ambo, Nyangwe, katika nchi ya Manyema. Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakifyatua bunduki katikati ya soko, soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine wakazama mtoni wakikimbia. Akavunjika moyo, akarudi Ujiji, akafika Oktoba akiwa mgonjwa, akakuta mali aliyotumiwa imekwisha uzwa na aliyekabidhiwa kuitunza. Hakuwa na kitu. Siku chache baadaye ndipo Stanley akaingia na bendera ya Marekani na milio ya bunduki. Tarehe inayoandikwa siku zote ni 10 Novemba 1871.

Shuleni tulifundishwa salamu ya Stanley. Hakuna mwalimu aliyetwambia kwamba mzee yule alikuwa ametoka kuona mauaji ya watu wa asili ya bibi zetu miezi minne tu kabla. Nilipolijua hili nilikuwa chuoni, nikakaa kitako kwanza.

Tena aliyetangulia kumpokea Stanley njiani alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Susi na Chuma na wenzao ndio waliokuja kuubeba mwili wa bwana wao baada ya kufa 1873, kule ambako leo ni Zambia, wakautembeza kwa miguu mpaka Bagamoyo. Si wazaliwa wa Ujiji, Susi alitoka pande za Zambezi na Chuma alikuwa Myao, ila walikanyaga barabara zetu na kula mawese yetu. Mtoto wa Ujiji anapaswa kuyajua majina yao kabla ya jina la Stanley.

---

SEHEMU YA TATU: KWA NINI KIGOMA IKATUPITA

Nimeulizwa na wawili watatu: kama Ujiji ndiyo kongwe, mbona stesheni na bandari viko Kigoma?

Jibu liko majini. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mto Lukuga, upande wa Kongo, ulifunguka na maji ya ziwa yakaanza kutoka kwa wingi. Ziwa likashuka, ufuko ukarudi nyuma. Ndiyo maana leo ukisimama kwenye mnara wa Livingstone unashangaa, ziwa liko wapi? Liko mbali kule chini, na kati yako na maji kuna nyumba za watu na mashamba. Ufuko wa Ujiji ni wazi na maji yake ni mafupi. Mitumbwi inaweza kuuvumilia, meli haiwezi. Kigoma, kama kilomita 8 kaskazini, ina ghuba iliyojificha na yenye kina.

Wajerumani waliingia Ujiji 1896 na kuweka boma, lakini walipofikiria reli na meli wakaichagua Kigoma. Reli ya Kati ikafika Februari 1914. Mwaka uliofuata ikaelea ile meli yao Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwa masanduku. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, ila wakaipaka mashine zake grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo ndiyo Liemba waliyopanda babu zenu, wazazi wenu na baadhi yenu humu.

Kipande kinachosahaulika ni hiki: tangu Julai 1916 mpaka Machi 1921, Kigoma na Ujiji zilikuwa chini ya Wabelgiji. Karibu miaka mitano. Hata baada ya kuondoka walibaki na eneo lao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo, wakilipa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Naomba mkumbuke miaka hiyo mitano, nitairudia.

---

Mchangiaji mmoja ameandika kwa uchungu: "Mnaongelea Wamanyema na Waarabu kana kwamba Waha hawapo. Mji ni wetu."

Ndugu yangu, umenikosoa na umenikosoa kwa haki. Ardhi ni ya Waha na jina la mji ni la Kiha. Mimi mwenyewe asubuhi nikipita Kibirizi nasalimia "Mwakeye" kabla ya habari za asubuhi. Baba yangu mzazi ni Muha wa milimani aliyeshuka kutafuta kazi bandarini, kwa hiyo unayemwambia ni mwanao.

Kisa kimoja tu kutoka nyumbani. Babu mzaa baba alipoambiwa mwanawe anataka kuoa Ujiji mjini, alikataa. Kwake yeye watu wa Ujiji walikuwa "Waswahili", watu wasio na ukoo unaojulikana. Na huku Kitongoni, upande wa mama nao walisita: huyo ni mtu wa mlimani, hajui ustaarabu, hata kanzu hana. Kila upande ulimwona mwenzake hana kitu fulani. Walisuluhishwa na mzee mmoja jirani, Mbembe, ambaye hakuwa ndugu wa upande wowote. Alikwenda mlimani kwa miguu na kuku wawili na dumu la mawese, akakaa siku tatu. Alipoulizwa anamwombea nani posa, akajibu: "Mtoto wangu." Mama yangu hakuwa damu yake hata kidogo.

Uungwana wa Ujiji ndio huo. Neno lenyewe lina historia ngumu, maana zamani kuitwa mwungwana kulimaanisha wewe si mtumwa. Watu waliokuwa wameletwa bila hiari yao walilishika neno hilo kwa mikono miwili. Ulijifunza Kiswahili, ukasilimu, ukavaa kanzu au kaniki safi, ukajenga nyumba karibu na msikiti, na watoto wako wakawa waungwana. Na lile jina Manyema, ambalo ng'ambo lilikuwa jina la nchi pana, huku kwetu likawa mwavuli. Ukiwa Mbangubangu, Mkusu, Mzimba, Mgenya au Msongora, ukishavuka ziwa wewe ni Mmanyema. Kabila hili kwa namna tunavyoliishi lilipikwa Ujiji, na ndiyo maana mtu akinichekea kwamba "Mmanyema si kabila la Tanzania" huwa namuuliza: sasa lilitengenezwa wapi?

---

SEHEMU YA NNE: WALIOTOKEA HUMO

Hapa ndipo wengi mlikuwa mnapasubiri. Sitataja wote, nitataja wale ninaowapenda na ninaoweza kuwasimamia.

Wa kwanza, na kwangu hana mpinzani, ni Sheikh Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa Ujiji 1924. Alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya, jumuiya ya Kiislamu, na alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na jumuiya hiyo 1953. Akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Alifariki Oktoba 1964 huko Ujerumani, ana miaka 40. Ule uwanja wa mpira wa Arusha mnaoutaja kila msimu wa ligi umepewa jina lake. Watu wengi wanaingia pale na kutoka hawajui kwamba ni jina la kijana wa Ujiji.

Ila mimi simpendei siasa. Nampendea kitabu chake cha 1954, kile cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Kabla yake washairi walijifunza mizani na vina kwa kusikiliza, mwanafunzi kwa mwalimu. Yeye alikaa akaandika: shairi lina nini, ubeti unajengwaje, kina cha kati na cha mwisho, mizani kumi na sita zinagawanyika vipi. Miaka ya 1970 wasomi wa vyuo walipoanza kugombana kama shairi lisilo na vina ni shairi, upande wa wenye vina ulikuwa umesimama juu ya kitabu kile. Fikirini kidogo. Mji wa watu waliotoka sehemu ishirini, ambao wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mababu zao, ndio uliomtoa mtu aliyewaandikia Waswahili wote sheria za ushairi wao. Wakati mwingine aliyekichagua kitu anakishika kwa nguvu zaidi kuliko aliyekikuta nyumbani.

Wa pili ni Saadani Abdu Kandoro, mshairi na mmoja wa wale kumi na saba walioanzisha TANU Julai 1954. Miaka sita kabla, 1948, alikuwa ameshatunga lile shairi la siafu na nyoka. Mkoloni ni nyoka ndani ya shimo lake, wananchi ni siafu, wadogo lakini wamekazana. Kila mtu mtaani alielewa nani ni nani, na hakuna hakimu aliyeweza kumfunga mtu kwa kusema habari za siafu. Sisi tulilikariri tukiwa watoto bila kujua ni la siasa. Tulikuwa tukiliimba tukiona msafara wa siafu kweli ukipita chini ya mlango.

Mpira nao hauwezi kuachwa. Mkoa wetu umelea miguu. Sunday Manara, yule "Computer" wa Yanga, ni wa familia yenye mizizi Kigoma, na ndiye aliyetangulia kwenda kucheza Uholanzi, Heracles ya Almelo, miaka ile ya 1970 ambapo mchezaji wa Kitanzania kwenda Ulaya lilikuwa jambo la kusikika redioni tu. Juma Kaseja, aliyekuwa golikipa wa Simba na Taifa Stars, naye ni mtoto wa huku.

Wanamuziki mnawajua wenyewe, na mwaka 2012 wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakaimba pamoja, kwa hiyo sina haja ya kurefusha. Kwa wanaouliza kuhusu siasa za sasa na wabunge, naomba tuwafungulie uzi wao, huu usiharibike.

---

Sasa ile miaka mitano ya Wabelgiji.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda ofisi moja kuomba hati. Ofisi yenyewe siitaji, na yule afisa wala simchukii. Alisoma fomu, akafika penye mahali pa kuzaliwa, pameandikwa Ujiji. Akasoma kabila la mama. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza: "Nyie si Wakongo?" Nikamwambia mimi ni Mtanzania, mama Mtanzania, bibi Mtanzania. Akasema nilete cheti cha kuzaliwa cha babu mzaa mama.

Babu mzaa mama alizaliwa Ujiji kipindi cha Wabelgiji, kati ya 1916 na 1921. Vita vimepita, Mjerumani kaondoka, Mwingereza hajafika. Nani angeandika cheti cha mtoto wa Kimanyema aliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo Kitongoni? Nilimweleza hivyo. Akanitazama kama mtu anayetunga hadithi, kwa sababu hata yeye, msomi, hakuwahi kufundishwa kwamba Wabelgiji walitawala kipande cha nchi yake.

Nilirudi mara nne. Kilichoniokoa ni barua ya mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili wenye umri wa kumfahamu babu, waliokuja mpaka mjini kwa daladala wakiwa na kanzu zao za Ijumaa, wakakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Mmoja Muha, mmoja Mgoma. Walipoulizwa mnamjuaje babu yake huyu, yule Muha akasema: "Nilimzika."

Sitalia hapa. Ila naomba wanaofanya kazi kwenye ofisi hizo wasome uzi huu. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho nchini kumuuliza mtu kabila. Serikali yenyewe iliacha swali hilo. Tunajua mpaka uko karibu, tunajua wakimbizi walikuja kweli, 1972 kutoka Burundi, 1996 kutoka Kongo, na walipokewa na ni haki wasajiliwe. Lakini mtu ambaye nyumba yao ilikuwepo kabla reli haijafika, huyo anavuka mpaka gani?

---

Wengine mmeuliza vitu vidogo vidogo, nawajibu kwa mkupuo.

Habari za uchawi na waganga: nimezaliwa huko, nimekulia huko. Nimeona mji wenye misikiti, maulidi, zikri za Kadiria usiku wa kuamkia Ijumaa, na wavuvi wanaotoka jioni na karabai zao mpaka ziwa linang'aa kama mji wa pili. Sifa ile ya uganga tumebandikwa na watu wanaoogopa mji wasioujua. Inatuumiza, mabinti zetu wamekataliwa ndoa kwa ajili yake.

Mwembe: ule wa asili ulikufa zamani. Iliyopo sasa ni miche yake. Kuna mnara wenye ramani ya Afrika na msalaba, na makumbusho yenye sanamu za wazungu wawili wamevua kofia wakisalimiana. Nendeni, kiingilio kinasaidia mahali pale. Ila mkitoka msiishie hapo. Tembeeni ile barabara ya zamani ya misafara yenye miembe. Njia nzima ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo mpaka kwetu imewekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, na Ujiji ndio mwisho wake huku bara.

Chakula: ugali wa muhogo, sombe iliyoungwa kwa mawese, migebuka. Dagaa mnunue Kibirizi asubuhi, wakiwa bado wanang'aa.

---

Namalizia kwa dada aliyeandika kutoka Buyenzi, Bujumbura. Amesema bibi yake alizaliwa Ujiji, akaolewa Usumbura, yaani Bujumbura hiyo hiyo, zamani za Mbelgiji, na familia haijui tena pa kuanzia. Anauliza kama ataweza kuwapata.

Dada yangu, Buyenzi na Ujiji ni nyumba moja iliyowekewa mpaka katikati. Watu wa huko walikuwa wakija kuzika huku na kurudi. Njoo. Fika siku ya Alhamisi, ulale, Ijumaa baada ya sala simama nje ya msikiti wa Kitongoni na mama mmoja wa mtaa, usisimame peke yako. Usianze kwa kuwauliza watu kabila, wazee watanyamaza kama bibi yangu alivyokuwa akinyamaza. Wala usianze na jina la ukoo, maana wengi walibadilisha. Taja jina la bibi, taja jina alilokuwa akiitwa utotoni kama unalijua, kisha waulize nyumba yao ilikuwa jirani na nyumba ya nani.